Goti la mtoto mwenye himofilia lisisubiri eksirei

Mtoto akiamka anachechemea na goti limevimba, nyumba nyingi hukimbilia maji ya moto na kitambaa. Kwa mwenye himofilia, kumkanda hivyo kunaweza kuongeza damu inayovuja ndani ya kiungo.

Himofilia ni ugonjwa wa kurithi, na wagonjwa wengi ni wavulana. Mwili hupungukiwa protini ya kugandisha damu iitwayo faktari: namba nane kwa himofilia A, namba tisa kwa himofilia B. Damu huvujia zaidi kwenye magoti, viwiko na vifundo vya miguu. Ikirudia palepale, utando wa ndani ya kiungo hunenepa na kuzidi kuvuja, kisha gegedu linalofunika ncha za mifupa huanza kulika. Kinachowaponza wazazi ni kwamba haya yanaweza kuendelea huku mtoto akicheza mpira kama wenzake.

Eksirei huonyesha mfupa, hivyo hugundua uharibifu ukiwa umekwenda mbali. MRI huona vizuri zaidi, lakini ni ghali na mtoto mdogo mara nyingi hupewa dawa ya usingizi ili atulie. Altrasaundi, kipimo kilekile alichopimwa mama akiwa mjamzito, haina mionzi wala haihitaji usingizi. Mtoto anapakwa jeli, hata akiwa mapajani, na daktari anatazama kama kuna majimaji, utando ulionenepa au gegedu lililolika. Mwaka 2013 wataalamu walichapisha utaratibu uitwao HEAD-US: viwiko viwili, magoti mawili na vifundo viwili vinapimwa na kupewa alama. Alama zikipanda kati ya kipimo kimoja na kingine, daktari ana sababu ya kupitia upya matibabu ya faktari.

Haioni kila kitu. Sehemu za katikati ya kiungo hujificha nyuma ya mfupa, na majibu hutegemea sana mkono wa anayepima. Si vibaya mzazi kuuliza kama mpimaji amezoea viungo vya watoto wa himofilia.

Goti likivimba leo, faktari kwanza, picha baadaye. Wakati wa kwenda kliniki mtoto apumzishe mguu ukiwa umeinuliwa, awekewe barafu iliyofungwa kwenye kitambaa. Asipewe aspirini wala diklofenaki, na asichomwe sindano ya msuli. Kwenye daftari lake andika tarehe, kiungo na upande. Mpimaji ataanzia hapo.