Huwezi kumlipa jirani akufungie Ramadhani

Haya wadau, leo tuongelee kikokotoo. Hapana, si kile cha mafao ya wastaafu, kile kina kilio chake. Naongelea kikokotoo cha hewa ukaa, hiki ambacho vijana wenzetu wa Dar na Arusha wanarushiana kwenye simu. Unajaza umepanda ndege mara ngapi, unakula nyama mara ngapi kwa wiki, una viyoyozi vingapi. Mwisho kinakuambia "unyayo" wako una tani ngapi, halafu kinaomba namba ya kadi ya benki ili ulipie miti ya mahali fulani na dhambi zifutwe.

Mimi nasema toba hiyo ni ya uongo. Na sisi wa Manyara tuna haki ya kulisema hili kuliko wengi, maana miti inayouzwa ni ya kwetu.

Kwanza, tujue nani alituletea hesabu hii. Aliyeieneza dunia nzima ni BP, kampuni ya mafuta ya Uingereza, ambayo mwaka 2004 iliweka kikokotoo kwenye tovuti yake. Umeona ujanja? Muuza mafuta anamgeukia mteja na kumuuliza, wewe umechafua kiasi gani? Ni sawa na mwenye kilabu cha pombe kusimama mlangoni anawahubiria walevi wake, huku ndani pipa linajazwa.

Pili, tazama namba zenyewe. Mmarekani mmoja kwa wastani anatoa tani 14 hivi za hewa ukaa kwa mwaka kutokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe. Mtanzania ni kama robo tani. Mtalii anayetoka London hadi uwanja wa KIA na kurudi anatumia karibu tani moja, na vikokotoo vingine vinasema mbili. Yaani safari moja ya wiki mbili ni miaka minne ya muuza nyanya wa soko la Babati. Huyu mama apunguze nini? Apande bajaji mara moja badala ya mbili?

Sasa twende Bonde la Yaeda, wilaya ya Mbulu, mkoa huu huu. Huko Wahadzabe, wanaoishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi, walipata hati ya kimila ya ardhi yao mwaka 2011. Msitu wao unalindwa, hewa ukaa isiyotoka inapimwa, na kampuni ya Carbon Tanzania inaiuza kwa wanunuzi wa nje. Fedha zinalipa askari wa misitu wa vijiji, matibabu na ada za shule.

Mradi wenyewe siubezi. Wahadzabe wamelinda msitu ule kabla ya babu zetu kufika, na kama dunia imeamua hatimaye kuwalipa, walipwe, tena walipwe vizuri. Ugomvi wangu uko kwa mnunuzi. Akishalipa, anatembea kifua mbele anasema yeye ni "msafi". Msafi wa nini, bwana? Moshi wa ndege yake uko palepale angani na utakaa karne nyingi. Mti wa Yaeda unaweza kuungua kiangazi kijacho. Huwezi kumlipa jirani akufungie Ramadhani huku wewe unakula mchana, kisha Idi ikifika ukadai thawabu ni zako.

Fedha ile ni sehemu ya deni. Tuiite deni. Katesh tunaijua bei yake: tarehe 3 Desemba 2023 tope la Mlima Hanang lilishuka juu ya watu waliolala na kuamka, likaua 89. Rais alikuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi, ikabidi akatishe safari arudi. Sisemi gari la mtu wa London liliporomosha mlima. Wataalamu walieleza kuwa miamba laini ilinyonya maji ikakatika. Lakini wanasayansi waliochunguza mvua za vuli ile Afrika Mashariki walikuta kwamba joto la dunia liliziongezea nguvu, pamoja na hali ya Bahari ya Hindi. Kuna cheti gani cha kufidia hapo?

Ngoja, msianze kupiga makofi. Zamu yetu sasa.

Robo tani ile haihesabu misitu tunayokata, na nchi hii kwa takwimu za serikali inapoteza zaidi ya hekta 400,000 kwa mwaka. Mashamba yana sehemu kubwa, lakini mkaa nao umo, na mkaa unaliwa mjini. Hauliwi na Mhadzabe. Unaliwa na wewe mwenye digrii, ambaye mtungi wa gesi umeuweka jikoni kama pambo la wageni, halafu maharage unayapika nje kwa jiko la mkaa. Kwa tanuri zetu za udongo, kilo moja ya mkaa inameza kilo tano hadi kumi za kuni. Jiko la presha la umeme linaivisha maharage kwa chini ya uniti moja. Mwenye mshahara ana kisingizio gani? Mama muuza nyanya anayenunua mkaa wa kopo namwelewa. Wewe sikuelewi.

Na msiniambie tusubiri wafadhili watufundishe. Hapa Babati, mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali ilitaka kuufanya msitu wa Duru-Haitemba hifadhi yake. Wanakijiji wakakataa, wakasema tutaulinda wenyewe. Vijiji vinane vikagawana mipaka, vikatunga sheria ndogo, vikaweka walinzi. Hakuna aliyewauzia cheti wala kuwapigia picha. Sheria ya Misitu ya 2002 ikaja kutambua hifadhi za misitu za vijiji nchi nzima.

Kwa hiyo anayechafua sana apunguze kwanza kwake, alipe kwetu kama mdaiwa, asijiite msafi. Na sisi wa mjini tuache kujificha nyuma ya umaskini wa mama muuza nyanya. Robo tani ni yake. Wewe umeshahesabu magunia yako ya mkaa ya mwaka huu?