Watoto wanapogombania magwiji wa besiboli, sheria ziwe zimeshaandikwa

Jumamosi moja mchana, katika nyumba ya familia yenye asili ya Tanga inayoishi Columbus, jimbo la Ohio nchini Marekani, mchezo wa watoto uliishia kwa kilio. Kijana wa miaka 14 na mdogo wake wa kike wa miaka 8 walikuwa mezani na mama yao, wakipanga timu za kubuni za magwiji wa zamani wa besiboli. Kila mmoja anachagua mchezaji kwa zamu, na akishachukuliwa amechukuliwa, hawezi kuwa kwenye timu mbili. Hapo ndipo mchezo huu unapotofautiana na ile fantasia ya Ligi Kuu ya Uingereza ambayo vijana wengi wanaicheza kwenye simu. Wamarekani wanauita drafti, ingawa hauhusiani na drafti yetu ya vizibo vya soda.

Zamu ya binti ilipofika, akamtaja Josh Gibson, mdakaji mweusi ambaye alisikia habari zake shuleni. Kaka yake akafunua kitabu kikubwa cha takwimu, kilichonunuliwa kwa bei chee kwenye mauzo ya maktaba.

“Hayumo. Tulikubaliana lazima awemo kwenye kitabu.”

Na kweli walikubaliana. Binti akatupa kalamu, akakimbilia chumbani.

Mama alibaki na watoto wawili ambao wote walikuwa na haki. Kijana alifuata sheria kama ilivyowekwa. Binti naye aliambiwa kwamba mchezaji anayefanana na babu yake hahesabiki.

Kitabu hakikuwa na makosa ya uchapaji. Kilichapishwa kabla ya mwaka 2020, na kwa miongo mingi Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani haikuwaruhusu wachezaji weusi. Walicheza katika ligi zao wenyewe, zilizojulikana kama Ligi za Weusi. Mlango ulifunguliwa Aprili 15, 1947, Jackie Robinson alipoingia uwanjani na Brooklyn Dodgers. Gibson hakuishi kuiona siku hiyo. Alifariki Januari mwaka huohuo kwa kiharusi, akiwa na miaka 35 tu.

Desemba 2020 Ligi Kuu ilitangaza kuzitambua Ligi za Weusi za kati ya mwaka 1920 na 1948 kuwa ligi kuu kamili, na Mei 2024 takwimu zake zikaingizwa rasmi kwenye rekodi. Siku hiyo Gibson akawa na wastani mkubwa kuliko wote katika historia, 0.372, yaani katika kila zamu 1,000 za kupiga alizohesabiwa, katika 372 aliupiga mpira na kufika kituoni salama. Akampita Ty Cobb mwenye 0.367, aliyekaa kileleni kwa miaka mingi.

Kwa hiyo sheria ya kwanza kuandikwa ni hii: rekodi gani inatumika? Si jambo dogo. Kitabu cha zamani kinabeba ubaguzi wa zamani, na mtoto akikitumia kama msahafu anaurithi bila kujua.

Lakini je, mama abadilishe sheria katikati ya mchezo? Hapa wazazi wengi huteleza. Mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, aliwachunguza watoto wakicheza gololi, akaandika matokeo yake katika kitabu cha mwaka 1932. Aliona kwamba wadogo huichukulia sheria kama kitu kitakatifu kilichotoka kwa wakubwa, hakiguswi. Wanapokua huanza kuelewa kwamba sheria ni makubaliano, na waliokubaliana wanaweza kukaa tena na kuibadilisha. Mzazi anayeamua peke yake, “haya, mpe mwenzio, yeye mdogo,” anawafundisha wote wawili kwamba makubaliano hayana maana, anayelia zaidi ndiye mshindi.

Mama huyu alifunga mchezo. Alimfuata binti chumbani, akamwacha atulie kwanza, kisha akawaita wote mezani na karatasi tupu. Timu zote zilivunjwa. Kijana alikuwa ameshamchukua Babe Ruth, hivyo naye alipoteza, na alinuna. Alikuwa na haki ya kununa.

Karatasi hiyo iliwachukua karibu saa nzima, muda mrefu kuliko mchezo wenyewe. Pengine ndiyo sehemu yenye faida kubwa zaidi, kwa sababu kila sheria iliibua swali ambalo mtoto hakuwahi kujiuliza.

Wachezaji waliostaafu tu, alisema mama, maana bila hivyo kila mmoja angemtaka Shohei Ohtani na kusingekuwa na mazungumzo mengine. Zamu zikawa za nyoka: wakiwa watatu, anaanza wa kwanza, wa pili, wa tatu, halafu wa tatu anachagua tena na kurudi nyuma hadi wa kwanza. Aliyeanza hapati upendeleo mara mbili. Mtoto wa miaka 8 aliielewa haraka alipochorewa. Wa kwanza akapatikana kwa kuvuta njiti.

Kisha likaja swali gumu: unampimaje mtu wa mwaka 1927 na mtu wa mwaka 2000? Ukijumlisha takwimu za maisha yote, unamwadhibu aliyezuiwa kucheza. Ted Williams, aliyepiga wastani wa 0.406 mwaka 1941, alikosa misimu mitatu mizima kwa sababu ya Vita Kuu ya Pili, kisha akaitwa tena vita vya Korea. Satchel Paige aliruhusiwa kurusha mpira wake wa kwanza Ligi Kuu mwaka 1948, akiwa na miaka 42, umri ambao wengi wameshastaafu. Jumla kubwa zinampa faida aliyebahatika kuachwa acheze.

Familia ikakubaliana kuchagua mchezaji pamoja na msimu wake mmoja bora. Husemi Ruth tu, unasema Ruth wa 1927, aliyepiga homurani 60. Na nafasi moja tu, kwa sababu Ruth wa 1916 alikuwa mrushaji hatari na wa 1927 alikuwa mpigaji. Ukimtaka mmoja, mwingine mwachie mwenzio.

Namna ya kupata alama ilimpendelea mdogo, bila kumdhulumu mkubwa. Katika tovuti ya Baseball-Reference, tarakimu ya mchezaji aliyeongoza ligi yake mwaka ule huandikwa kwa wino mzito. Mtoto asiyejua maana ya wastani anaweza kuzihesabu. Kila tarakimu nzito ni alama moja. Kila mtu anapimwa na wenzake wa zama zake, na suala la viwanja vya zamani au mipira ya sasa linajimaliza lenyewe. Bob Gibson wa 1968, mrushaji aliyewabana wapigaji hadi mwaka uliofuata Ligi ikashusha kilima cha kurushia mpira kutoka inchi 15 hadi 10, anapata haki yake. Pedro Martínez wa 2000 naye anaipata, ingawa takwimu zao ukiziweka pamoja hazifanani.

Kuna mtego. Wino mzito hauchagui mema na mabaya. Mwaka 1927 Ruth aliongoza pia ligi yake kwa kutolewa baada ya kukosa mipira mitatu, mara 89, na hiyo nayo imekolezwa. Kijana alitaka ihesabiwe. Mama akasema safu zinazohesabiwa ziandikwe kabla, na hiyo isiwemo.

Mabishano makali yaliibuka kwa Mark McGwire, aliyepiga homurani 70 mwaka 1998, na Januari 2010 akakiri mwenyewe kwamba alitumia dawa za kuongeza misuli, mwaka huo ukiwemo. Aingie au asiingie? Mama hakutoa hukumu. Aliwaeleza kwanza dawa hizo hufanya nini mwilini: huweza kuharibu ini na kuusumbua moyo, na kwa kijana ambaye bado anakua huweza kuifunga mifupa mapema akabaki mfupi. Kijana wa miaka 14, ambaye kila wiki anajipima urefu mlangoni, alisikiliza kuliko alivyosikiliza kitu chochote siku hiyo. Wakapiga kura, McGwire akakosa nafasi, kura mbili kwa moja. Moja hiyo ilikuwa ya binti, aliyesema mtu akikiri asamehewe.

Sheria nyingine zilipita haraka. Hakuna pesa, wala za kununulia chipsi, maana mkeka huanza hivyohivyo, kidogokidogo. Simu moja tu mezani, ya kuangalia takwimu, inashikwa na mama. Dakika mbili kwa kila zamu. Na mwisho ni saa 2 usiku hata kama timu hazijajaa, kwa kuwa wataalamu wa usingizi wa Marekani wanapendekeza mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12 kwa siku, na wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10. Kijana alipinga. Kura hiyo haikupigwa.

Alibaki mwamuzi wa pale watakapokwama. Walimteua babu aliyeko Tanga, kwa simu ya video. Besiboli haijui kabisa, anaijua Coastal Union, na hilo ndilo lililompa kazi. Kijana alimsomea sheria moja baada ya nyingine. Babu aliuliza swali moja tu: huyo Gibson, walipomruhusu sasa, familia yake ilikuwepo kusikia? Mama alimweleza kwamba alikuwa na mtoto wa kiume, Josh kama yeye, aliyecheza pia besiboli, na kwamba naye alishafariki kabla ya 2020.

Drafti ikaanza upya. Binti alivuta njiti ndefu.

“Josh Gibson, mwaka 1943,” akasema, akimtazama kaka yake.

Kijana akaiomba simu kwa mama aangalie. Wastani wa 0.466, kwa wino mzito, mkubwa kuliko wa msimu wowote katika rekodi za sasa. Akauandika mwenyewe kwenye karatasi ya mdogo wake, kisha akamchukua Satchel Paige kabla mama hajamtaja. Walipokwama kwenye zamu ya 12 na kumpigia babu, Tanga ilikuwa inakaribia saa 6 usiku, na simu iliita hadi ikakatika.