Shimo Mbele ya Jukwaa

Walimu wenzangu, mwenye macho haambiwi tazama. Lakini mimi nasema: zitazameni kumbi za michezo katika shule zetu hapa Uganda, kisha mniambie zilijengwa kwa ajili ya nani.

Katika shule moja niliyofundisha, mbele ya jukwaa lilichimbwa shimo la okestra, kina chake ni kifua cha mtu mzima. Okestra yenyewe haikuwako, wala haijapata kuwako. Siku ya tamthilia wapiga ngoma walishushwa humo. Hawakuiona miguu ya wachezaji, na wachezaji hawakuiona mikono yao; mapigo yakaenda huku, hatua zikaenda kule. Mtoto mmoja alirudi nyuma, akatumbukia, akateguka mguu. Lawama zilimwangukia mwalimu. Aliyechora ramani ya jengo hakuulizwa neno.

Mgala muue na haki umpe. Shimo hilo lina asili yake. Kwa Wayunani wa kale, neno okestra lilikuwa jina la uwanja wa kuchezea, peupe, mbele ya watazamaji. Karne nyingi baadaye, huko Bayreuth, Ujerumani, katika ukumbi uliofunguliwa mwaka 1876, Richard Wagner aliwazamisha wapiga ala chini ya jukwaa na kuwafunika, ili wasionekane, na sauti za waimbaji zisimezwe na vishindo vya ala. Kwa opera zake ilikuwa hekima. Lakini baakisimba si opera! Katika ngoma ya Baganda, mpigaji na mchezaji huzungumza. Ukimficha mmoja, umemkata mwenziwe ulimi. Wapigaji watatu wa amadinda huketi wakitazamana. Na huko Busoga, marimba makubwa ya embaire huwekwa juu ya shimo lililochimbwa ardhini ili sauti ivume. Shimo ni la sauti, mpigaji hubaki juu akionekana. Hao ndio wajuao kazi ya shimo.

Wala ila si hiyo peke yake. Sakafu ni tambarare, hata aliyeketi nyuma huangalia visogo tu. Kuta tupu za saruji hukabiliana, neno likarudi na kulikuta la pili, yakachanganyika yote mawili. Paa ni mabati yasiyo na dari. Mvua ikinyesha, tamthilia imekwisha. Ubavuni mwa jukwaa hamna nafasi, na mfalme anayengoja zamu yake husimama nje, taji likilowa.

Wako watakaosema kwamba fedha hazipo. Je, shimo lilichimbwa bure? Mwaka 1977 wanakijiji wa Kamiriithu, karibu na Limuru, Kenya, walijijengea ukumbi wa wazi kwa mikono yao. Serikali iliubomoa mwaka 1982, wala si kwa sababu haukusikika, bali kwa sababu ulisikika mno.

Basi nadai mambo mawili. Kwanza, mashimo yaliyopo yafunikwe kwa mbao imara, na wapiga ngoma wapandishwe walipo wachezaji. Pili, ramani ya ukumbi wa shule isipitishwe kabla mwalimu wa michezo ya kuigiza na mwalimu wa ngoma hawajaitwa na kusikilizwa. Mcheza kwao hutunzwa. Lakini atatunzwaje aliyetiwa shimoni?