Picha Safi ya CT Isiwe Hukumu

Majeruhi wa kichwa anayeambiwa kwamba picha yake ya CT haina kasoro hurudi kazini akidhaniwa amepona. Akianza kusahau alichoagizwa au kufoka ovyo, huitwa mvivu, huitwa mkorofi. Huo ni uonevu. CT hutafuta damu iliyovuja na fuvu lililopasuka. Haioni vyema nyuzi nyembamba zinazounganisha sehemu za ubongo, nazo ndizo huvutika na kukatika kichwa kinapotikiswa kwa nguvu. Mwaka 2012 watafiti wa Imperial College London walichapisha matokeo ya watu waliowahi kuumia ubongo, waliotakiwa kusitisha ghafla kitendo wakiwa ndani ya mashine ya MRI. Kadiri nyuzi za mtandao unaotambua jambo la dharura zilivyoharibika, ndivyo ubongo ulivyoshindwa kutuliza sehemu zinazoamka mtu anapozama katika mawazo yake.

Wapo watakaosema, tena kwa hoja nzito, kwamba matokeo ya kundi hayatoshi kumpima mtu mmoja, na kwamba MRI ni ghali. Ni kweli. Lakini ikiwa hata picha bora zaidi haijitoshelezi, CT safi itakuwaje sababu ya bima kukataa madai au mwajiri kumfukuza mtu? Vipimo vya umakini na kujizuia vinaweza kufanywa kwa karatasi, kalamu na saa. Na maelezo ya mke, mume au mzazi anayeishi na majeruhi yaandikwe kwenye faili lake tangu siku ya kwanza ya kliniki.