DIFU HAIFI KWA MANENO

Ndugu wanaushirika,

Tumeambiwa difu ya nyuma ya gari letu imekwisha, tutoe fedha za mahindi tununue nyingine. Tunauliza: nani kaifungua? Hakuna! Fundi kasikiliza mlio barabarani, akakata shauri. Gari linalovuta kwa tairi zote nne lina milio mingi. Mvumo usiobadilika dereva akikanyaga mafuta au akiachia, mara nyingi ni beringi ya gurudumu, au tairi zenyewe. Ukibadilika, hapo shuku difu. Kile kishindo cha kuondokea huenda ni krosi ya propela tu.

Kwanza oili imwagwe kwenye karai. Unga laini kwenye sumaku ya nati si ajabu; vipande vya chuma ndiyo msiba. Na nani alifunga tairi mpya nyuma, mbele akaacha vipara? Tairi zisizolingana kimo huzitesa difu, hata hiyo mpya itateseka. Tulisema tangu mavuno, tukaitwa wabishi. Haya!

Jumamosi asubuhi karai tunalo, spana tunazo. Kamati ije ione. Kabla ya hapo hatunyooshi mkono kutoa hata senti.