Mihimili ya dola isifunzwe kwa kukariri

Mhariri,

Wanafunzi wetu wa Gredi ya 7 hadi ya 9 hukariri mihimili ya dola kama kasuku: Bunge, Serikali, Mahakama. Waulize nani hutunga sheria za kaunti, wengi watakujibu, "Gavana."

Mifano tunayo hapa Kaunti ya Tana River, Kenya. Wawakilishi wa wadi hutunga sheria kule Hola, makao makuu ya kaunti; gavana na mawaziri wake huzitekeleza. Majaji wa Mahakama Kuu ya Garsen si wa kaunti. Mahakama ni ya taifa zima.

Walimu waanze na malka, njia za mifugo kwenda mtoni. Kundi moja litunge sheria, la pili liitekeleze, la tatu liamue kesi ya mkulima ambaye mahindi yake yameliwa na ng'ombe. Kisha wajadili Juni 2024: Bunge lilipitisha Mswada wa Fedha, Rais akakataa kuutia saini.

Baada ya umwagaji damu wa 2012 hapa kwetu baina ya wakulima na wafugaji, somo hili si la mtihani tu. Kesi nyingi mahakamani husikizwa hadharani. Shule ziombe nafasi, watoto wakaketi na kusikiliza.

Mzazi,
Garsen, Tana River