Legeza Mkono, Dada Msusi

UPEPO WA ZIWA
Na Akoth Omolo

Shule za bweni zikifungwa mwisho wa mwaka, wasusi wa Kisumu hawapati hata nafasi ya kunywa chai. Kuanzia vibanda vya Kondele hadi Kibuye siku ya Jumapili, wasichana wamejaa kwenye viti vya plastiki, kila mmoja na pakiti zake za rasta mapajani. Nywele zao ni fupi, maana shule nyingi za wasichana hazitaki nywele ndefu. Nywele ya binadamu hurefuka kama sentimita 1 kwa mwezi, na zetu za kipilipili mara nyingi hazifikishi hata hapo. Aliyenyolewa muhula wa tatu ulipoanza anarudi nyumbani na nywele zisizozidi upana wa vidole viwili. Hizo ndizo zitakazobebeshwa rasta za kufika kiunoni mpaka Krismasi ipite.

Simama karibu uangalie mkono wa msusi. Anatenga kifungu chembamba pale pajini kwa ncha ya kitana, anakipaka jeli, anazungushia rasta, kisha anavuta. Nywele ni fupi na zinateleza, hivyo asipovuta kwa nguvu hazishiki. Ngozi ya paji inainuka pamoja na kila kifungu, na macho ya mtoto yanavutika kuelekea masikioni. Akilia anaambiwa avumilie. Usiku anameza Panadol na kulala kifudifudi, kwa sababu hakuna upande wa kichwa unaokubali mto. Baada ya siku mbili vipele vyeupe vimejipanga pembeni mwa nywele, na pale nyumbani wanasema ni kawaida, kichwa kitazoea.

Kichwa hakizoei. Nimekuwa nikisoma na kuuliza sana kuhusu nywele, kwa sababu naona wanawake wa rika langu wakifunga vitambaa kuficha mapaji yaliyorudi nyuma, na kila mmoja anatafuta mafuta. Mafuta ya kitunguu, mafuta ya karafuu, maji ya mchele, chupa mpya kila mwezi. Kwa wengi wao shida haikuanzia kwenye ukosefu wa mafuta. Ilianzia mkononi mwa aliyewasuka walipokuwa watoto, ikaendelea kila likizo.

Nywele huota kutoka kwenye kifuko kidogo ndani ya ngozi. Kikivutwa mara moja, kinauma na kupona. Kikivutwa miezi na miaka, kinavimba, nywele zinakuwa nyembamba kama za mtoto mchanga, halafu mwisho kinaziba kwa kovu. Kabla ya kovu, ukiacha kuvuta nywele hurudi, ingawa huchukua miezi. Baada ya kovu ngozi inang'aa, na hapo hakuna mafuta duniani yatakayootesha kitu. Madaktari wamelijua jambo hili zaidi ya miaka 100: mwaka 1907 mtafiti aitwaye Trebitsch alieleza upara wa wanawake wa Greenland waliozoea kukaza nywele zao. Utafiti wa Cape Town uliochapishwa mwaka 2007 ulikuta dalili za upara wa kuvutwa kwa asilimia 17.1 ya wasichana wa shule na asilimia 31.7 ya wanawake wazima. Tazama pengo hilo kati ya binti na mama. Watafiti hao walionyesha pia kwamba hatari huzidi pale nywele zilizotiwa dawa ya kulainisha zinapovutwa, ndiyo hali ya wengi wetu tunaotia dawa leo na kusukwa wiki ijayo.

Dawa yenyewe inastahili tahadhari yake. Ina ukali wa magadi ya kutengenezea sabuni, ndiyo maana huchoma. Oktoba 2022, watafiti wa Marekani waliofuatilia wanawake 33,497 waliripoti kwamba waliotumia dawa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka walipata saratani ya mji wa mimba kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya wasiotumia. Saratani hiyo si ya kawaida sana, na utafiti mmoja haumalizi maneno. Mimi unanitosha kuiweka chupa hiyo mbali na kichwa cha mtoto.

Sina ugomvi na mafuta. Mafuta ya nazi, mafuta ya mbarika, siagi ya shea ya kaskazini mwa Uganda ambayo ndugu zetu Waacholi huiita moo yao, vyote vina kazi yake. Nywele iliyojikunja hairuhusu mafuta ya ngozi kuteremka hadi nchani, ndiyo sababu ncha zetu hukauka na kukatika. Ukilowesha nywele kwa maji, kisha ukapaka mafuta kidogo, unyevu unakaa. Hapo ndipo kazi ya mafuta inapoishia. Lakini angalia sifa zinavyogawanywa. Mama aliyejifungua huona nywele zikimtoka kwa wingi takriban mwezi wa tatu; ni mwili unaorudi katika hali yake, na kwa wengi nywele hujaa tena kabla ya mwaka kuisha. Akinunua chupa mwezi wa nne, mwezi wa tisa anaisifu chupa, na jirani zake wote wanainunua.

Kinachosaidia kweli hakina lebo. Osha kichwa hata ukiwa umesukwa, kwa shampuu iliyochanganywa na maji, halafu anika kabisa kabla ya kulala. Maji ya visima vingine yana chumvi na sabuni haitoi povu. Mvua ikinyesha, weka pipa chini ya bati, maji yake ni laini. Chana zikiwa na unyevu, kwa chanuo la meno mapana, ukianzia nchani. Lala na kitambaa cha satini, na usikikaze fundo pajini. Ukifumua, kipe kichwa wiki kadhaa kabla ya kusukwa tena. Na kula. Nywele ni protini, na hapa tumebarikiwa: samaki kama omena na ngege, mboga kama osuga, apoth na dek. Msichana anayepungukiwa damu kwa hedhi nzito atapoteza nywele hata akisukwa na malaika, na huyo anahitaji kupimwa hospitalini. Vivyo hivyo mtoto mwenye mabaka ya mviringo yenye magamba: hiyo ni choa, hutibiwa kwa vidonge vya daktari, na huenezwa na kitana kinachopita kichwa hadi kichwa.

Wasichana huniambia bila urefu hakuna urembo. Nawakumbusha Lupita Nyong'o, binti wa gavana wetu, aliyepanda jukwaani kupokea Oscar mwaka 2014 na nywele fupi za asili. Novemba 2017 sehemu ya nywele zake ilipofutwa kwenye picha ya jalada la jarida la Grazia la Uingereza, alilalamika hadharani, na mpiga picha akaomba radhi. Na katika mila za Wajaluo, kunyoa baada ya mazishi kulikuwa sehemu ya heshima kwa marehemu. Bibi zetu walitembea na vichwa vifupi mbele za watu bila kuona haya.

Msusi simlaumu peke yake. Anasimama kutwa, vidole vinauma, analipwa kwa kichwa, na mteja mwenyewe ndiye anayemwambia akaze ili zifike Januari. Vyuo vya ufundi vinavyofundisha ususi viufanye usalama wa ngozi ya kichwa kuwa somo la mtihani. Nasi wateja tulipe bei ileile kwa rasta chache, nene kiasi, fupi, zilizoanzia nyuma kidogo ya nywele za pajini. Kwa nywele za vidole viwili, mistari bila rasta inatosha, au ziachwe zilivyo.

Mtoto akirudi kutoka saluni, mwambie ainue nyusi na kuinamisha kichwa. Akisema panauma, au ukiona ngozi imeinuka kila penye kifungu, kaa naye chini ufumue zile za mbele usiku huohuo, hata kama pesa imeshalipwa. Usingoje asubuhi.